Ufundi wa Kupunguza Bila Kuondoa

"Daktari, nina nyama puani, nataka zikatwe." Katika kliniki za masikio, pua na koo hapa Tanzania, ombi hili limezoeleka. Anayelitoa mara nyingi ameshateseka vya kutosha. Analala mdomo wazi, anaamka koo limekauka, mwenzake analalamikia mikoromo, na mchana kutwa kichwa kizito. Ana haki ya kutaka unafuu. Daktari bingwa anayeijua kazi yake humsikiliza mpaka amalize, wala haharakishi kumwahidi kisu. Huvaa taa yake kichwani, akavuta kiti, akaanza kuangalia. Uangaliaji huo, pamoja na yote yanayoufuata, ndio ufundi ninaotaka kuusifu hapa: ufundi wa kumfungulia mtu pua na bado ukamwachia pua yake.

Kipimo cha mwanzo hakihitaji hata umeme. Daktari hushika kile kibapa cha chuma cha kukandamizia ulimi, akakiweka kikiwa baridi chini ya pua ya mgonjwa na kumwambia apumue kawaida, mdomo umefungwa. Juu ya chuma hutokea madoa mawili ya ukungu, moja kwa kila tundu. Doa moja likiwa pana na jingine dogo, ameshajua upande gani unapitisha hewa kwa shida. Kisha huweka kidole shavuni, kando ya pua, na kulivuta shavu taratibu kuelekea sikioni. Kipimo hiki kinaitwa kwa jina la Maurice Cottle, daktari wa Chicago aliyeifanyia pua kazi ya maisha. Hewa ikifunguka pale shavu linapovutwa, inawezekana tatizo liko kwenye njia nyembamba iliyo karibu na mlango wa pua, na kukata kitu kilichoko ndani zaidi hakutasaidia sana.

Ndipo anapopanua tundu kwa kifaa chake na kuelekeza taa ndani. Hapo rangi humweleza mengi. Utando uliopauka, wenye maji na uliovimba, humfanya afikirie mzio. Ukiwa mwekundu na wenye kamasi nzito, hufikiria maambukizi. Ukiwa mwekundu iva, mkavu, wenye chembechembe, humuuliza mgonjwa ametumia matone ya kuzibua pua kwa muda gani. Akiona uvimbe wa kijivu unaopitisha nuru, huugusa taratibu kwa ncha ya chuma. Ukiwa polipu, yaani uvimbe laini uliota kwenye utando, hauna hisia, mgonjwa hashtuki. Tabineti, kunjo la kawaida la ukuta wa pua, ikiguswa, mgonjwa huruka na macho hulengwa machozi. Kwa mguso huo mmoja daktari anatenganisha mambo mawili ambayo mitaani yanabeba jina moja la nyama za pua. La tatu ni tezi iliyoko nyuma kabisa ya pua, juu ya koo, ambayo ndiyo husumbua watoto wengi na ina matibabu yake. Mambo hayo matatu yana njia tatu tofauti, na anayeyachanganya atakata kisichostahili kukatwa.

Mwisho wa uchunguzi ndio ninaoupenda zaidi, kwa kuwa unahitaji subira tu. Daktari hupuliza dawa inayonyweza mishipa ya damu, kisha anamwacha mgonjwa akae kwa dakika kumi au kumi na tano. Halafu anatazama tena. Kama uvimbe umenywea na pua imefunguka, anajua kuwa utando ndio uliojaa, na dawa zina nafasi kubwa ya kumsaidia mtu huyu. Kama haujapungua, huenda mfupa wenyewe umenenepa au nyama imeshakakamaa, na hapo mazungumzo ya upasuaji yana msingi. Dakika hizo chache zinaweza kuamua mwelekeo wa matibabu yote.

Tabineti ni nini hasa? Kila upande wa pua unazo tatu, zimejipanga juu hadi chini kwenye ukuta wa nje. Kila mtu anazo tangu kuzaliwa. Ya chini ndiyo kubwa na ndiyo inayolalamikiwa zaidi: mfupa mwembamba uliojikunja, wenye urefu wa sentimita 5 hivi, uliovikwa utando wenye unyevu. Chini ya utando kuna mtandao mnene wa mishipa ya damu inayoweza kujaa au kunywea kwa muda mfupi. Chini ya tabineti hii ndipo pia unapoishia mfereji wa machozi, na ndiyo sababu anayelia hupenga kamasi.

Kazi yake ni nzito. Mtu mzima huvuta hewa ya takribani lita 10,000 kwa siku, na mapafu hayataki hewa kavu, baridi wala yenye vumbi. Tabineti huipokea, huipasha joto, huilowanisha na kuisafisha. Abiria anayepanda basi Dar es Salaam asubuhi kwenye joto na unyevu wa pwani, akashuka Njombe usiku wa Julai meno yakigongana, hana haja ya kuyaambia mapafu yake kwamba hali imebadilika. Pua imekwisha kujirekebisha njiani. Juu ya utando wake kuna vinywele visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga mara kumi na zaidi kwa sekunde, vikisukuma ute uliobeba vumbi na vijidudu kuelekea kooni ambako humezwa.

Zaidi ya hayo, pua hufanya kazi kwa zamu. Mwaka 1895 daktari Mjerumani Richard Kayser alieleza jinsi upande mmoja unavyojaa damu na kubana huku mwingine ukifunguka, na baada ya saa chache zamu zikabadilishana. Wengi wetu hatuoni chochote, kwa sababu jumla ya hewa inayopita haibadiliki sana. Lakini mwenye ukuta wa kati uliopinda, au mwenye tabineti zilizokwisha kunenepa, huisikia kila zamu. Anakuja kliniki akisema leo kumeziba kulia, jana kushoto. Daktari asiyejua zamu hii anaweza kuitibu pua iliyokuwa ikitimiza wajibu wake.

Kuvimba kwa kudumu kuna sababu nyingi. Kuna mzio wa wadudu wadogo mno wanaoishi kwenye vumbi la godoro na mito, wa manyoya ya wanyama, wa chavua. Kuna moshi wa jikoni na wa sigara. Kuna ujauzito, ambao huvimbisha pua za baadhi ya akina mama na kuziachia baada ya kujifungua. Na kuna ukuta wa kati uliopinda: upande mmoja ukibanwa, tabineti ya upande wa pili, wenye nafasi kubwa, hunenepa kuijaza. Daktari mzuri akiona tabineti nene upande mmoja tu, huutazama kwanza ukuta wa kati. Akiunyoosha ukuta bila kuigusa tabineti hiyo, upande uliokuwa wazi nao unaweza kuziba. Akiikata tabineti na kuuacha ukuta, ameacha chanzo.

Sababu nyingine huuzwa kwenye chupa ndogo katika kila duka la dawa. Matone ya kuzibua pua hufanya kazi ndani ya dakika chache, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Yakitumika zaidi ya siku tatu hadi tano mfululizo, mishipa huanza kuyategemea. Dawa ikiisha nguvu, pua inafura kuliko mwanzo. Mtu anaongeza tone, kisha tone jingine, mpaka chupa inalala chini ya mto. Kumtoa mtu hapo kunahitaji akili na utu. Baadhi ya madaktari humwambia aache kwanza kwenye tundu moja, aendelee na jingine, ili usiku apate upande mmoja wa kupumulia. Tundu la kwanza likishapona, anaacha na la pili. Huku nyuma daktari anampa dawa ya kupuliza ya steroidi ili kupunguza uvimbe wakati pua inajifunza upya kujiendesha. Hakuna kisu kilichotumika, na mtu amerudishiwa usingizi wake.

Hiyo dawa ya steroidi nayo ina ufundi wake, na daktari anayejali hataandika tu jina lake kwenye karatasi. Anaichukua chupa na kuonyesha: inamisha kichwa kidogo mbele, tundu la kushoto tumia mkono wa kulia, tundu la kulia mkono wa kushoto, elekeza ncha upande wa nje, kuelekea pembe ya jicho, usiupulizie ukuta wa kati, vuta hewa taratibu, usinuse kwa nguvu. Mgonjwa akikosea mwelekeo, dawa inautonesha ukuta wa kati mpaka unatoa damu. Akinusa kwa nguvu, inaishia kooni. Na inahitaji muda: siku kadhaa kabla ya unafuu, wiki kadhaa kabla ya kuihukumu. Wengi wanaosema dawa imeshindwa waliiacha mapema, au hawakuonyeshwa mkono upi uende wapi. Pamoja nayo huenda kuosha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Kwa wagonjwa wengi safari inaishia hapa.

Wale ambao haiishii hapa ndio wanaofika chumba cha upasuaji, na ufundi wa chumba hicho umepitia funzo gumu. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alionyesha kuwa kokeini inaweza kulitia jicho ganzi. Haukupita muda madaktari wa pua nao wakaitumia, na eneo lililokuwa halivumiliki kuguswa likawa linakatika. Kufikia mwisho wa karne ya 19, kuondoa tabineti nzima ya chini kulikuwa kumeenea Ulaya na Marekani. Hesabu ilionekana rahisi: kilichoziba kikitolewa, njia itakuwa wazi.

Njia ilikuwa wazi kweli. Lakini baadhi ya wagonjwa walirudi wakiwa na pua kavu, yenye magamba, wakisema wanakosa hewa kuliko walivyokuwa kabla ya upasuaji. Mwaka 1994, katika hospitali ya Mayo Clinic mjini Rochester, Minnesota, Eugene Kern na Monika Stenkvist waliipa hali hiyo jina la pua tupu, baada ya kutazama picha za pua zilizobaki pango na wenyewe wakilalamika kuziba. Mwaka 2001 Kern na mwenzake Eric Moore walichapisha mapitio ya wagonjwa 242 wenye pua zilizokauka na kusinyaa, na wengi wao walikuwa wameshapasuliwa pua. Si kila aliyeondolewa tabineti hupatwa na haya. Anayepatwa, hata hivyo, amepoteza kitu ambacho hakuna fundi awezaye kukirudisha kilivyokuwa.

Inawezekanaje pua iliyo wazi ihisi imeziba? Jibu liko kwenye hisia ya ubaridi. Hatupimi hewa kwa wingi wake. Tunaihisi inavyoupoza utando inapopita. Ronald Eccles na wenzake huko Cardiff, Wales, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba mentoli humfanya mtu ahisi pua imefunguka ilhali upinzani wa hewa ndani yake haujapungua. Baadaye wanasayansi walikitambua kipokezi cha ubaridi kinachoamshwa na mentoli, na David Julius na Ardem Patapoutian, waliokitafiti kila mmoja kwa njia yake, walipata tuzo ya Nobeli mwaka 2021 kwa kazi yao kuhusu vipokezi vya joto na mguso. Ndiyo maana aliyejifunika blanketi akajifukizia majani ya mkaratusi huinuka akisema pua imezibuka; unafuu anaousikia ni wa kweli, na sehemu yake inatoka kwenye vipokezi hivi. Sasa mtu akikatwa tabineti, anapoteza eneo kubwa la utando uliobeba hisia hiyo. Hewa inapita, ila ubongo hauletewi habari zake.

Funzo hilo ndilo lililozaa namna ya kupasua ninayoiheshimu leo. Inasaidiwa na lenzi. Harold Hopkins, mwanafizikia wa Uingereza, alibuni darubini ya fimbo za kioo inayoleta picha angavu kupitia mrija mwembamba, na kiwanda cha Karl Storz cha Tuttlingen, Ujerumani, kilianza kuitengeneza miaka ya 1960. Mrija wa unene wa milimita 4 unaingia puani na kuonyesha kwenye skrini kila kunjo, mpaka nyuma kabisa.

Mgonjwa amelala, kwa ganzi au kwa nusu kaputi. Pamba zilizolowekwa dawa zimekaa puani kwa dakika kadhaa na sasa zinatolewa. Sindano nyembamba inaingia kwenye kichwa cha tabineti, na kwenye skrini utando uliokuwa wa waridi unapauka mbele ya macho kadiri dawa inavyoenea kuelekea nyuma. Daktari anasubiri weupe ufike anapotaka. Kisha anafanya mkato wa milimita chache kwenye ncha ya mbele. Anaingiza kifaa butu kupitia mkato huo na kuutenganisha utando na mfupa, hatua kwa hatua, mpaka ametengeneza handaki refu lisiloonekana kutoka nje. Ndani ya handaki anaingiza kisu kidogo kinachozunguka ndani ya mrija unaofyonza, unene wake milimita 2 hivi, mdomo wake umeelekezwa kwenye mfupa. Kinatafuna nyama ya ndani na kuifyonza, utando wa juu ukilegea na kushuka taratibu. Fundi cherehani akipunguza koti nene hufumua bitana, akatoa vijazio vya ndani, akarudishia, na kitambaa cha nje kikabaki kizima. Ndivyo ilivyo hapa, isipokuwa kitambaa hiki kina uhai, kinahisi na kinafanya kazi.

Mfupa ukiwa mnene, vipande vyake vinatolewa kupitia mkato uleule. Kisha kinachobaki kinasogezwa: kwanza kuelekea katikati, halafu kwa mkandamizo wa polepole kuelekea nje, mpaka unasikika mwaliko mdogo na tabineti inalala karibu na ukuta. Kote huko daktari anakumbuka mambo mawili: mlango wa mfereji wa machozi ulioko chini yake, na mshipa wa damu unaoingilia nyuma, ambao ukikatwa vibaya humwaga damu nyingi.

Kisha linakuja lililo gumu kuliko yote, yaani kuacha. Tabineti anayoiona daktari mezani imenywezwa na dawa. Siyo ile mgonjwa anayolala nayo. Akiipima kwa macho ya wakati huo tu, atakosea kwa kuzidisha au kwa kupunguza mno. Inabidi arejee kwenye alichokiona kliniki, kabla ya dawa na baada yake, na akadirie. Anajua pia kwamba sehemu ya mbele ndiyo nyeti zaidi. Katika mrija laini wenye mtiririko wa taratibu, nusu kipenyo ikipungua kwa nusu, upinzani huongezeka mara 16. Pua si mrija laini, lakini kanuni hiyo inaeleza kwa nini milimita moja au mbili mahali penye wembamba hubadilisha usiku mzima wa mtu. Mwenye ujuzi hutafuta milimita hizo chache, akizipata anaweka kifaa chini.

Subira hii ina ushahidi. Desiderio Passali na wenzake wa Siena, Italia, walichapisha mwaka 2003 utafiti wa wagonjwa 382 waliogawanywa kwa bahati nasibu katika njia sita: kukata tabineti, leza, kuunguza kwa umeme, kugandisha kwa baridi, kupunguza chini ya utando, na kupunguza chini ya utando pamoja na kuisogeza kando. Waliwafuatilia kwa miaka 6. Kupunguza chini ya utando, hasa kukiambatana na kusogeza, ndiko kulikotoa matokeo bora ya muda mrefu: njia ya hewa ilibaki wazi na utando ukaendelea kujisafisha. Ilikuwa njia inayodai mikono zaidi kuliko kuunguza tu juu juu, na kazi hiyo ya ziada ilimlipa mgonjwa. Kwa wenye uvimbe wa wastani ipo pia njia ya mawimbi ya redio: sindano inaingizwa ndani ya tabineti kwa ganzi, inaipasha nyama ya ndani joto, na katika wiki zinazofuata kovu linaivuta na kuinyweza.

Kazi haimaliziki mgonjwa anapoondoka mezani. Kwa wiki za kwanza pua hutengeneza magamba na huhisi imeziba kuliko mwanzo. Daktari humwambia hivyo mapema, ili asikate tamaa, na humtaka aoshe kwa maji ya chumvi kila siku. Humwita arudi, akatazama kama tabineti na ukuta wa kati havijaanza kushikana, akasafisha panapohitajika. Humkumbusha pia kwamba mwenye mzio bado ana mzio. Dawa yake ya kupuliza na usafi wa godoro vinaendelea.

Madaktari bingwa wa fani hii wanafundishwa hapahapa kwetu, Muhimbili ikiwamo, na wanachojifunza kwa miaka hakionekani usoni mwa mgonjwa. Hakuna kovu la kuonyesha majirani. Anayekwenda kwao afike na subira, na akishauriwa kupasuliwa aulize kabla ya kuweka sahihi: tatizo liko sehemu gani hasa, dawa zimejaribiwa kwa muda wa kutosha na kwa namna sahihi, na utando utaguswa kiasi gani. Kisha aulize kitakachobaki. Daktari anayelijibu swali hilo kwa utulivu, akichora kwenye karatasi anachopunguza na anachokilinda, ndiye wa kukabidhiwa pua ya mtu.